UZI: Kimya kwenye timu ya mbali, na jinsi nilivyokaribia kumfukuza mtu asiye na kosa

MlinziKaburi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Walioko Kampala, mugyebaleko.

Jina langu la humu limetoka kwenye ule utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikaja kuzikwa Uganda. Basi kaburi lina mlinzi, ndiye mimi. Nimezaliwa kambini Bombo, mzee wetu alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichogombania gololi. Nikichomekea Kiganda mnisamehe.

Uzi ni wa kazi. Tangu 2020 naongoza timu ya watu kumi na mmoja, nikiwemo mimi, na hatuna ofisi. Tunatengeneza programu ya hesabu za SACCO, vyama vya kuweka na kukopa, na kuihudumia: akiba, mikopo, hisa, gawio la mwisho wa mwaka. Wanne wako Kampala na Mukono, wawili Mbarara, mmoja Lira, mmoja Arua, mmoja Kisumu, mmoja Mwanza. Mimi niko Kireka. Mwenye mtaji yuko Ujerumani, humwoni ila kwenye kioo cha simu.

Mwaka wa pili wa kazi hii nilikuwa nimeshaandika barua ya kumwachisha kazi dada wa Lira. Nimeiandika, nimeihifadhi, imebaki kutumwa. Kosa lake: anapotea. Siku mbili tatu kwa wiki, ikifika saa saba mchana, ujumbe wangu unakaa na tiki moja mpaka saa kumi. Na wiki ile ilikuwa ya kufunga mwezi. SACCO moja ya walimu inasubiri taarifa ya mikopo, mhasibu wao ananipigia kila nusu saa. Nikasema moyoni, huyu ana kazi nyingine anaifanya kwa saa zangu.

Kijana wa Mbarara ndiye aliyeniuliza: "Mzee, umewahi kumpigia simu ya kawaida?"

Sikuwahi. Miezi minane tuko pamoja na sikuwahi. Nikapiga. Kwanza nilisikia upepo, halafu honi, halafu yeye anapaza sauti juu ya mlio wa pikipiki: "Mzee, niko kwenye boda, dakika kumi nitakuwa hewani!" Alikuwa anakwenda mjini, laptopu ameikumbatia kifuani, kwenye kibanda cha kuchajia simu chenye sola. Kwake umeme ulikuwa unakatika karibu kila mchana. Nauli ya boda anatoa mfukoni mwake, kiti cha pale kibandani analipia, na miezi yote hiyo hajasema neno.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Kwenye usaili uliniuliza, 'Umeme wa uhakika unao, sivyo?' Nikasema ndiyo."

Hebu lisomeni tena hilo swali langu. Nani mwenye shida ya kazi atajibu hapana?

Barua niliifuta usiku ule. Ila kuna kitu hakikufutika: miezi minane nilikuwa nasoma kimya cha mtu, na nilikisoma vibaya kila siku. Ofisini kimya kina sura. Unamwona mtu ameinama, amenuna, anapiga miayo, ametoka nje kupokea simu ya msiba. Kwenye timu ya mbali kimya ni tiki moja ya kijivu, na kila kiongozi anaijaza kwa hofu zake mwenyewe. Hofu yangu mimi ni kuibiwa muda, basi nikaona mwizi.

Na sisi wa huku tuna la ziada. Mtu wa Uganda ukimuuliza jambo akikubali, mara nyingi hasemi ndiyo. Anainua nyusi, basi, limekwisha. Sasa huyo huyo mwekee kikao ambacho kamera zimezimwa kuokoa bando. Unauliza, "Tumekubaliana?" Watu kumi wanainua nyusi. Wewe unasikia kimya. Unarudia swali, wanainua tena, safari hii kwa hasira kidogo. Nimefanya hivyo karibu mwaka mzima kabla sijashtuka.

Nina kikao, nikitoka naendelea. Na nyie leteni ya kwenu.

Kikomando

Nimeweka kambi. Hapo kwenye nyusi nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Bosi wangu ni Mholanzi, kwenye tathmini aliwahi kuniandikia kwamba "sishiriki vikaoni". Mzee, nilikuwa nashiriki kwa uso mzima!

BosiWaZamani

Mkuu pole, ila hadithi ya dada mmoja mwema isitupofushe. Mimi nimeajiri watu tangu enzi za faksi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu akiwa kwake analala, anafua, anaangalia mpira, jioni anakutumia "leo nimeshinda na hili tu, mzee". Sisi tuliweka ile programu inayopiga picha skrini kila dakika kumi na kuhesabu mausi imesogea mara ngapi. Nidhamu ilirudi ndani ya wiki moja. Watu wazima tuambiane ukweli.

MlinziKaburi

Mzee BosiWaZamani, heshima yako. Hiyo programu nami niliiweka mwaka ule wa kwanza, miezi mitatu.

Kijana mmoja wa Mukono alikuwa anaongoza kila wiki kwa kusogeza mausi, ila kazi yake siioni. Tulipokuja kukutana ana kwa ana, baada ya soda mbili akanipa siri. Mausi yake, ile ya taa nyekundu chini, alikuwa anailaza juu ya saa ya mkono ya mishale. Mshale wa sekunde ukipita chini yake, mausi inadhani imesukumwa. Mwenyewe kalala. Wakati huo huo dada mwingine alikuwa anatafuta kosa la riba kwa daftari na kalamu, kwa sababu ndivyo akili yake inavyokwenda. Programu ikasema hafanyi kitu, nami nikampa onyo. Nimemwonya mwenye kazi, nikamsifu mwenye saa.

Halafu kuna sheria. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019. Ukimpiga picha mtu kwenye kompyuta yake binafsi wakati kafungua majibu ya vipimo vyake vya hospitali, umekusanya kitu ambacho hukustahili kukishika. Kamuulize mwanasheria wako kabla mfanyakazi hajamuuliza wa kwake.

Kuhusu kulala: yupo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye na wenzake walilipima jambo hili kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip kule China, kwa wahudumu wa simu, wengine nyumbani wengine ofisini, miezi tisa. Matokeo yalichapishwa 2015. Wa nyumbani walizidi kwa asilimia 13, na sehemu kubwa ya hizo ni kwamba walikaa kazini dakika nyingi zaidi: mapumziko yalipungua, siku za kuumwa zikapungua. Ila msinisome nusu. Kwa kiwango kile kile cha kazi, wa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra kuliko wa ofisini. Na walipoachiwa wachague wenyewe, zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao. Upweke nao una bei.

Jambo jingine ambalo wanaonukuu hiyo asilimia 13 hulisahau: ili uingie kwenye jaribio lile ilibidi uwe na chumba chako mwenyewe cha kufanyia kazi, na intaneti nzuri. Chumba chako mwenyewe! Haya, nendeni mkakitafute Kisenyi, mtaa wa mabanda hapa Kampala.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, kweli mzee wangu. Ila mimi sikuajiriwa kuua nyoka.

MamaMabati

Naomba niseme kwa upande wetu sisi tunaoongozwa.

Chumba changu mwenyewe, eti. Mimi na mume na watoto wawili tuko kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, Kyebando, paa ni mabati bila dari. Mvua ya Kampala mnaijua, haiombi ruhusa. Ikianza sisikii hata mawazo yangu, sembuse mteja. Mwaka jana nikiwa kwenye simu na mteja muhimu mvua ikamwagika, meneja akaniandikia "zima hiyo mashine". Mashine gani, ssebo? Mungu?

La pili, mama mkwe. Alikuja kukaa nasi miezi miwili. Kwake yeye kazi ni kutoka. Mtu aliyekaa nyumbani na kompyuta anapumzika. Kwa hiyo katikati ya kikao nasikia, "Mama, si ukimbie sokoni uniletee mboga ya nakati, kwa kuwa umekaa tu?" Nimeshawahi kununua nakati nikiwa nimevaa spika za masikioni, mwenzangu wa Nairobi anasoma ripoti ya robo mwaka, mimi natoa noti kwa ishara.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kampuni ya nje inakupa mkataba unaokuita mtoa huduma wa kujitegemea. Lakini saa za kuingia kazini wanakupangia wao, likizo wanakunyima wao. Mchango wa NSSF, akiba ya uzeeni, hakuna, ile asilimia 10 ya mwajiri unaisikia kwa majirani. Viongozi wa timu za mbali mnaandika nyuzi ndefu za mawasiliano, hilo mnalipita kimya. Kwa kuwa uzi ni wa kimya.

MlinziKaburi

Nnyabo, umenipiga pa kupigwa. La NSSF kwetu lilichukua mwaka na nusu kumshawishi mwenye mtaji asajili kampuni hapa na kuchangia. Sikupaswa kungoja nusu yake. Nilikuwa namwonea haya mzungu, kama dada wa Lira alivyonionea haya mimi.

Hilo la mabati limenikumbusha pa kuendelea.

Baada ya kisa cha Lira nilisema kikaoni kwamba sitamuuliza mtu tena kwa nini alikuwa kimya, ila naomba kimya kiwe na jina. Neno moja tu, kwa SMS ya kawaida kwenye simu yangu, kwa sababu SMS inapita hata bando likiisha. Bila maelezo, bila "samahani sana mzee". Maneno wakayatunga wao. *Giza*: umeme umekwenda. *Bando*: linajieleza. *Mabati*: mvua, msinipigie, niandikieni. *Msiba*: usinitafute mpaka nirudi. Dada mmoja akaongeza *sokoni*, nadhani naye ana mama mkwe. Na kijana wa Mbarara, kwa utani, akaleta *nyusi*: nimesoma, nimekubali. Utani ukaota mizizi. Leo kwenye kundi letu hakuna anayeandika "sawa". Nimekuja kugundua "sawa" ilikuwa na maana nne, mojawapo ikiwa "sikubaliani ila sina nguvu ya kubishana leo". Ukiandika *nyusi* umejifunga.

Ukipata *giza* mara tatu kwa wiki kutoka kwa mtu mmoja, hapo tatizo si la mtu huyo, ni la bajeti. Tulimnunulia dada wa Lira betri na inveta ndogo. Bando tunalipa sisi. Kuna wanaoliita marupurupu. Mimi naliita jembe. Huwezi kumwajiri mtu wa shamba halafu jembe akodishe. Na bando lenyewe limeshatwishwa mzigo: tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018.

MgeniWaArua

Mkuu, nasoma kwa makini. Swali langu ni la lugha. Timu yetu inakutana kwa Kiingereza, lakini wa Kampala ni wengi, na wakichangamka wanahamia Kiganda. Sisi wa West Nile na yule Mkenya tunabaki kusikiliza vicheko. Nikiuliza, najibiwa "ah, ni utani tu". Ofisini ningesogea mezani nikaelewa kwa sura. Huku naona majina yameandikwa kwenye viboksi vyeusi.

MlinziKaburi

Yalitupata hayo hayo. Siku moja wa Kampala walicheka dakika tano. Wa Arua na wa Mwanza walikuwa wamezima maiki, nikadhani wanacheka nao. Baadaye wa Mwanza aliniandikia kwa adabu kabisa akiuliza kama vicheko vile vilihusu ripoti yake. Havikumhusu, walikuwa wanamcheka kondakta mmoja wa teksi. Ila alilala na hilo swali usiku mzima.

Kwa wenzetu walio Microsoft, Marekani, watafiti waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 61,000 nusu ya kwanza ya 2020, kila mtu alipopelekwa nyumbani. Waliona vikundi vikijifunga: watu wanazungumza zaidi na wale wale, madaraja kati ya kundi na kundi yanapungua. Na wale hawana Kiganda.

Sisi tulikubaliana hivi: kwenye kikao ni Kiswahili au Kiingereza, na anayeponyokwa na Kiganda anatafsiri mwenyewe papo hapo, hata utani. Utani uliotafsiriwa huwa hauchekeshi, kwa hiyo watu wanajirekebisha haraka. Na aliye mbali zaidi ndiye anayeanza kusema. Arua anafungua, Kireka anafunga. Nikianza mimi, wote wanaobaki wananiunga mkono, kikao kimekufa.

Kikomando

Tupe na ile ya 2021, intaneti ilipozimwa. Mlifanyaje?

MlinziKaburi

Hiyo ndiyo iliyonifundisha kuliko yote, na nilichelewa kuielewa.

Tarehe 12 Januari 2021 mitandao ya kijamii ilifungwa. Jioni ya tarehe 13 intaneti nchini ikazimika yote, kesho yake ni uchaguzi. Ilirudi tarehe 18, na mitandao mingi ya kijamii ikachelewa zaidi, hadi Februari. Siku tano nina timu siioni. Simu za kawaida zinapita, lakini utapiga ngapi?

Iliporudi nilikagua nani amefanya nini. Nilitegemea wale hodari ndio watakuwa wamesonga. Sivyo. Waliosonga ni watatu ambao kazi yao ya mwezi mzima ilikuwa imeandikwa: nini kinatakiwa, kwa nini, kikomo chake kiko wapi, na maamuzi yapi wanaruhusiwa kuamua bila kuniuliza. Mmoja alikuwa ameandika moduli nzima ya gawio, kwenye kompyuta yake, bila mtandao. Na yule hodari kuliko wote, mtu wangu wa mkono wa kuume, alikuwa amekaa siku tano bila kufanya kitu. Kwa nini? Kwa sababu kazi yake ilikuwa kichwani mwangu. Kila asubuhi alikuwa ananipigia kwa mtandao, namwambia leo fanya hili. Nilikuwa najiona kiongozi wa karibu, kumbe nilikuwa kibonyezo.

Tangu hapo, kabla ya kumpa mtu kazi, najiuliza: intaneti ikizimwa usiku huu, huyu kesho ataamka na nini? Nikikosa jibu, sijampa kazi bado, nimempa maagizo ya saa moja.

Mtaniuliza tunatumia programu gani. Yoyote. WhatsApp kwa ya haraka, Google Docs kwa ya kudumu. Vita vya programu sivitaki kwenye uzi huu.

Chombo kimoja nitakitaja kwa kuwa ni bure. Tuna ubao wa maandishi wenye vichwa vitatu: *nafanya*, *nimekwama*, *nimemaliza*. Wiki sita za mwanzo *nimekwama* palikuwa peupe. Watu kumi, programu ya fedha, hakuna aliyekwama! Nikajua wananidanganya kwa heshima. Basi Jumatatu moja nikaandika mimi wa kwanza: "Nimekwama. Mwenye mtaji anataka tarehe ya toleo jipya, nimemwahidi ambayo hatuiwezi, sijui namwambiaje." Kimya nusu saa. Halafu mdogo kuliko wote, wa Kisumu, akaandika chini: "Mzee, mimi pia nimekwama, tangu Alhamisi." Kufika jioni pakawa na mistari saba.

FundiMutukula

Uzi mzito. Mimi niko Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, na nafanya kazi na kampuni ya Ulaya. Ongezeni suala la saa.

Mwenye kampuni aliandika kikao ni "3:00". Dada wa Kampala akatuwekea kwenye kundi la Kiswahili: "kikao saa 3". Mimi saa tatu asubuhi nimevaa shati, nimenyoosha kola, niko peke yangu kwenye kiboksi. Mwenzetu wa Nairobi akaingia saa tisa alasiri. Wenye kikao wakaingia saa kumi, kwa sababu ilikuwa saa tisa ya kwao. Kila mtu alikuwa sahihi.

Sasa mgeni akiingia kwenye timu kama hii unamwanzishaje, mkuu?

MlinziKaburi

Fundi, hilo la saa limewamaliza wengi. Sisi ikihusu kikao tunaandika 15:00 na neno "Kampala" mbele yake, hata kama sentensi nzima ni ya Kiswahili. Na wenye mabosi Ujerumani wekeni alama: wenzetu husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kiangazi chao tunawatangulia saa moja, baridi yao saa mbili. Sisi za kwetu hazihami, kwa hiyo kila Oktoba kuna Jumatatu moja ya watu waliokuja mapema wamekasirika.

Mgeni tunamleta Kampala wiki ya kwanza, kwa gharama yetu. Mchana anakaa na mmoja wetu wanafanya kazi meza moja, jioni tunakula muchomo. Nimejaribu kumwanzisha mtu kwa video tupu, akamaliza miezi minne hajui nani amuulize nini. Mtu uliyekula naye sahani moja huoni haya kumwandikia "sijaelewa".

Kisha kuna somo la salamu, na hili nalifundisha mwenyewe. Niliwahi kupata huu mfululizo kutoka Arua:

Saa 2:10 asubuhi: "Habari za asubuhi mzee."
Niko kwenye kikao. Saa 4:30 najibu: "Nzuri, za huko?"
Yeye sasa yuko na mteja. Saa 6:15: "Huku salama tu mzee, vipi familia?"
Saa 7:40: "Wazima, namshukuru Mungu."
Saa 8:05 mchana: "Samahani mzee, tangu asubuhi SACCO moja ya Koboko haiwezi kuingiza marejesho."

Saa sita! Watu wamepanga foleni na fedha mkononi, sisi tunajuliana hali. Mwenye mtaji alishauri tufute salamu kabisa, mtu aandike shida tu. Nikakataa. Kwetu ujumbe usio na salamu ni ugomvi, utapokelewa kwa moyo mzito na kazi itafanywa kwa moyo mzito. Tulichobadilisha ni kuzipakia kwenye gari moja: "Habari za asubuhi mzee, natumaini wazima. Koboko marejesho hayaingii tangu saa mbili, nimekwama." Salamu imefika, shida imefika, nami nikijibu najibu yote mawili.

BosiWaZamani

Nimesoma yote. Sijabadili dini, lakini ile saa ya mkono chini ya mausi imenisumbua. Jana nimemwita kijana wangu mmoja anayeongoza kwa asilimia, nikamwomba anionyeshe meza yake kwa kamera. Sitasema nilichoona.

Huyo dada wa Lira yupo bado?

MlinziKaburi

Yupo, mzee. Ndiye anayesimamia huduma kwa wateja kwa SACCO zote za kaskazini, na usaili wa wageni anafanya yeye. Hamuulizi mtu kama ana umeme. Anamwambia, "Nieleze jana yako, tangu ulipoamka, umeme ulikatika saa ngapi na ukafanya nini." Ana daftari lake la majibu hayo, na anajua mtaa kwa mtaa nani atahitaji betri kabla hajaanza kazi.

Wiki iliyopita alinitumia *giza* saa nane mchana. Nikaendelea na kazi zangu. Saa kumi na moja taarifa ya mwezi ilikuwa kwenye meza ya mteja.

BosiWaZamani

Haya. Nitumie huo mfano wa ubao kwa ujumbe binafsi, na hayo maneno yenu ya SMS. Nijaribu kwa watu watatu kwanza. Nikiona wanalala, nitarudi hapa kukusema.

MlinziKaburi

Nyusi.